Mtumba, Waraka na Faili: Neno Moja Lililotupeleka Itetemia

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili Sanifu kimeyapata kutoka lugha za bara, machache yamepanda cheo kama neno ikulu. Kwa Wanyamwezi ikulu ni makao ya mtemi. Kwa Watanzania wote leo Ikulu ni makao ya Rais. Wasafiri wa karne ya 19 waliofika Unyanyembe walilikuta katika jina la Kwikuru, yaani penye ikulu, na hata leo mtu akitoka mjini Tabora kwenda Itetemia, mahali ambapo jina lake limefungamana na ukoo wa watemi wa Fundikira, anapita katika ardhi iliyolilea neno hilo. Sisi tulio katika kazi ya istilahi hupenda kulitaja, pamoja na neno ngeli lililotoka Kihaya, kila tunapoulizwa kwa nini tunahangaika na lugha za wazee ilhali Kiingereza kipo tayari.

Hata hivyo hatukwenda Itetemia kwa ajili ya ikulu. Tulikwenda kwa ajili ya faili moja la kompyuta lililokataa kufunguka, na kwa ajili ya dhana ambayo Kiswahili bado hakijaipatia jina kwa kauli moja: namna programu ya kuandikia inavyoyafunga maandishi ndani ya faili ili yahifadhiwe, yasafiri, na yafunguliwe na mtu mwingine. Wako wasemao fomati, wako wasemao umbo, wengine umbizo, na wengine muundo. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwanza historia ya jambo lenyewe, kwa kuwa istilahi inayotungwa kabla ya kitu chake kueleweka aghalabu huwapotosha wale wale iliyokusudiwa kuwasaidia.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1994 mkusanyaji mmoja wa maneno alikaa na wazee wa Itetemia na vijiji vya jirani, akaandika msamiati wa Kinyamwezi unaohusu urinaji wa asali, ususi na ufuaji wa chuma. Orodha ilipigwa kwa kompyuta katika ofisi moja, ikawekwa katika diski laini, na karatasi za mwanzo zikatupwa, kwa maana ilidhaniwa kuwa kompyuta ndiyo sanduku la kudumu. Diski hiyo ilipotufikia, mzee aliyetoa sehemu kubwa ya maneno alikuwa amekwisha fariki. Tuliliweka faili katika kompyuta mpya, nayo ikakataa kulifungua. Kijana mmoja wa ofisini, kwa nia njema kabisa, akalifuta jina lake la mwisho, doc, akaandika docx, akatuambia: "Nimelibadilisha umbo, sasa litafunguka." Halikufunguka. Kompyuta ilitamka tu kwamba faili limeharibika.

Kijana hakuwa mjinga. Alilitumia neno umbo kama alivyofundishwa, na neno likamdanganya. Ili tuone limemdanganya wapi, yatubidi turudi nyuma kidogo katika njia ya misafara.

Kutoka katikati ya karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda: njia moja ikitoka pwani ya Bagamoyo, nyingine ikielekea Ujiji, nyingine ikipanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika Novemba 1857, wakauandika mji huo kwa jina la Kazeh. Bidhaa zote zilisafiri mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, yaani ratili 70, ambazo ni karibu kilo 32. Vitambaa vya merikani na kaniki vilikunjwa, vikapangwa, vikakazwa kwa kamba mpaka vikawa mtumba mgumu kama gogo. Leo neno mitumba limebakia sokoni kwa maana ya nguo zilizokwisha valiwa, lakini zamani mtumba haukuwa nguo. Ulikuwa ni namna ya kuifunga nguo iweze kusafiri. Mwenye msafara alipaswa kujua kila mtumba una nini na umepangwaje, kwa sababu kila penye mtemi palidaiwa hongo ya doti kadhaa za namna maalumu, na kufungua mzigo mzima barabarani ili kutafuta kitambaa kimoja kulikuwa ni hasara ya siku. (Hongo, tukumbushane, ilikuwa ushuru wa njia uliotolewa waziwazi, maana ya rushwa ni ya baadaye.)

Pamoja na mitumba zilisafiri nyaraka. Wafanyabiashara wa Tabora waliandikiana na wenzao wa Unguja kwa Kiarabu au kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na waraka wa namna hiyo ulikuwa na mpangilio wake. Ulianza na vyeo na sifa za anayeandikiwa, zikafuata dua na salamu, kisha likaja neno wabaadu, ndipo haja yenyewe ikatajwa. Mwisho ikawa wasalamu, jina la mwandishi na tarehe ya Hijria. Neno wabaadu si habari. Halimwambii msomaji lolote juu ya bei ya pembe. Kazi yake ni kumjulisha kuwa salamu zimekwisha na haja inaanza, na msomaji mwenye haraka aliweza kulitafuta kwa macho na kuruka yote yaliyolitangulia. Tunaomba msomaji aliweke neno hili akilini, maana tutalikuta tena ndani ya kompyuta likiwa limevaa nguo nyingine.

Herufi zenyewe zilikuwa na upungufu unaojulikana. Kiarabu kina alama tatu tu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo i na e zilivaa alama moja, na u na o zilivaa alama moja. Sauti p haikuwa na herufi yake katika Kiarabu, ikaazima ile ya b. Nazali iliyotangulia konsonanti mara nyingi haikuandikwa kabisa. Matokeo yake ni kwamba neno pembe, likiandikwa na mtu asiyejali, liliweza kuwa na herufi zile zile za neno bibi. Wenye biashara hawakuchanganyikiwa, kwa kuwa waliijua lugha na waliijua biashara. Ufunguo wa kusomea ulikuwa kichwani mwao, haukuwa katika karatasi.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Unyanyembe, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akazigeuza kwa herufi za Kilatini na kuzichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Kiswahili ni cha Tippu Tip mwenyewe, lakini kila palipokuwa na alama ya i Brode ilimlazimu aamue kama ni i au ni e. Kwa lugha ya wataalamu wa kompyuta, alikuwa anageuza muundo, na kila mwenye kugeuza muundo hufanya maamuzi ambayo mwandishi hakuyafanya.

Jambo la kuzingatia ni kwamba karatasi, hata ikichelewa, hujifungua yenyewe kwa ajuaye kusoma. Mwaka 1871 Stanley alikuta Kwihara, karibu na Tabora, mfuko wa barua za Livingstone uliotiwa tarehe 1 Novemba 1870, ambao ulikuwa umekwama njiani. Aliuchukua mpaka Ujiji. Barua zilikuwa zimechakaa kwa muda, lakini hapakutafutwa chombo chochote cha kuzifungulia isipokuwa kisu cha kukatia bahasha. Vivyo hivyo vitabu vya Kiswahili vilivyochapwa na T.M.P. Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora: ukikipata kimoja leo katika kabati ya shule, hata kama mchwa wameonja jalada lake, unakisoma.

Faili si hivyo. Mwaka 1974, ambao sisi wa istilahi twaukumbuka kwa kuanza kutoka kwa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, ndio mwaka ambao Serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini. Kwa hiyo istilahi za fani hii zilituchelewa, na zilipofika zilifika kwa mkupuo. Huko nje programu ya Word ya kampuni ya Microsoft ilitoka mara ya kwanza mwaka 1983, na mafaili yake yenye jina la mwisho doc yakaenea duniani katika miaka ya 1990. Ndani ya faili la doc la wakati huo hakuna barua kama ionekanavyo katika kioo. Kuna ghala dogo lenye vyumba. Maandishi yamewekwa mahali pamoja, na maelezo ya sura yake, yaani neno lipi limekolezwa wino na lipi limepigiwa mstari, yamewekwa mahali pengine, mbali na maandishi yenyewe. Wala maandishi hayakufuatana lazima kama yanavyosomwa. Mwandishi akiongeza sentensi katikati, programu iliweza kuiweka mwishoni mwa akiba na kuandika katika jedwali kwamba kipande hiki kisomwe baada ya kile. Hata maneno yaliyofutwa yaliweza kubaki humo, yakiwa yameondolewa tu katika jedwali. Kanuni za ghala hilo zilikuwa za kampuni. Maelezo ya muundo huo, kwa matoleo ya kuanzia 1997, yaliwekwa wazi kwa umma mwaka 2008.

Wakati huo mambo yalikuwa yamekwisha badilika. Baada ya miaka kadhaa ya serikali na maktaba za nchi mbalimbali kuuliza ni nani atakayezisoma nyaraka zao kampuni ikitoweka, muundo wa wazi uitwao OpenDocument ulipitishwa mwaka 2005, ukawa kiwango cha kimataifa mwaka 2006. Microsoft nayo ikatoa muundo wake mpya, docx, ulioanza kuwa wa kawaida katika Word ya 2007 na ukakubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2008. Kwetu wapenzi wa Kiswahili kipindi hicho kina kumbukumbu nyingine: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema na mtumiaji kwa Kiswahili. Maneno hati, hariri na hifadhi yakawa vitufe vya kubonyezwa.

Docx ndiyo iliyotufurahisha sisi tuliotoka kusoma habari za misafara, kwa sababu docx ni mtumba. Hatusemi kwa mafumbo. Faili la docx ni bunda la mafaili madogo yaliyokazwa pamoja kwa njia iitwayo zip, iliyobuniwa na Phil Katz mwaka 1989. Herufi mbili za kwanza za bunda hilo, ukilitazama kwa ndani, ni PK, herufi za jina lake. Msomaji mwenye kompyuta aweza kujaribu: achukue nakala ya hati yake, si hati yenyewe, alibadilishe jina la mwisho liwe zip, kisha aifungue. Atakuta orodha ya vilivyomo, kama ile ya mwenye msafara, ikitaja kila kipande ni cha aina gani. Atakuta kabrasha liitwalo word, na ndani yake document.xml yenye maandishi, styles.xml yenye mitindo, na picha katika chumba chake. Akifungua document.xml atayaona maneno yake mwenyewe kwa herufi zinazosomeka, yakiwa katikati ya alama: alama moja yafungua aya na nyingine yaifunga, moja yatangaza kuwa kipande kinachofuata kina mstari chini. Alama hizi si habari. Zinamwambia msomaji wa mashine mahali jambo moja linapokoma na jingine linapoanza. Ni wabaadu. Atakuta pia alama itajayo lugha ya maandishi, na hapo Mnyamwezi wa Tabora aliyechagua Kiswahili katika programu nyingi aweza kukuta ameandikiwa sw-KE, yaani Kiswahili cha Kenya, kwa kuwa kwa miaka mingi ndicho kilichokuwa katika orodha ya Microsoft. Hatuna ugomvi na ndugu zetu wa Kenya, ila twaona ni vema ijulikane.

Sasa turudi kwenye faili la Itetemia. Kwanza tulilifungua kwa programu nyepesi isiyojua muundo wowote, inayoonyesha kila tarakimu kama herufi. Katikati ya vurugu la alama tukayaona maneno. Yalikuwapo yote, lakini safu mbili za jedwali zilikuwa zimeungana. Mpaka wa kila kisanduku ulikuwa umeandikwa kwa alama ambayo programu ile haikuijua. Tuliona hata maana ambazo mkusanyaji aliziandika akazifuta, bila shaka baada ya mzee kumsahihisha. Kwa mwanakamusi hiyo ni zawadi. Kwa mtu anayepeleka barua ya siri katika faili la namna ile ni jambo la kutisha.

Baadaye fundi mmoja, kwa kutumia programu huria, alilirejesha kwa sehemu. Safu zikarudi. Hapo ndipo tulipoiona hasara. Kinyamwezi kina irabu saba, na taipu ya kawaida haina herufi za mbili kati ya hizo. Mkusanyaji alikuwa amezitofautisha kwa kuzipigia mstari: i yenye mstari chini ilikuwa irabu moja, i isiyo na mstari irabu nyingine, na u kadhalika. Mstari huo, kama tulivyokwisha eleza, haukuwekwa pamoja na herufi. Uliwekwa katika chumba cha sura, mbele zaidi ndani ya faili, na diski ilikuwa imeliwa na ukungu kuanzia hapo. Nusu ya kwanza ya orodha ikarudi na mistari yake. Nusu ya pili ikarudi herufi tupu. Maneno yapo, irabu hazipo. Nasi tukajikuta mbele ya Kinyamwezi kama Brode mbele ya waraka wa Tippu Tip, tukiuliza kila i ni ya namna gani, tofauti ikiwa kwamba Tippu Tip alikuwa hai mpaka 1905.

Baadhi ya maneno tuliyahakikisha kwa kitabu cha Maganga na Schadeberg juu ya Kinyamwezi, kilichochapishwa mwaka 1992 na ambacho kinaziandika irabu zote saba. Mengine tuliyapeleka Itetemia tukawasomea wazee waliobaki. Maneno ya ususi wengi waliyajua. Ya ufuaji wa chuma wengi walituambia kuwa wenye nayo wamekwenda.

Kutokana na kisa hiki twaona kosa la neno umbo. Umbo ni sura, ni kile kinachoonekana kwa jicho, na sura ya faili kwa jicho la mtumiaji ni jina lake na picha ndogo iliyo juu yake. Kijana wetu aliibadilisha sura hiyo, akaamini amebadilisha kilichomo. Neno umbizo ni zuri kimaumbile, limejengwa kutokana na kitenzi umba, na limekwisha ingia katika programu. Lakini humo lina kazi yake tayari, ya kutaja koleza, mlazo na mstari chini. Likitumika kwa yote mawili, watu hawataweza kusema kwa Kiswahili jambo ambalo diski ya Itetemia imetufundisha, kwamba umbizo ni sehemu mojawapo ya vitu vinavyofungwa ndani ya muundo, na laweza kupotea peke yake. Mzee mmoja tuliyemweleza habari hizi alipendekeza mtumba, nasi tulivutiwa sana, lakini sokoni leo neno hilo lingeleta kicheko. Kifungashio nacho tumekikataa, kwa sababu kifungashio hutupwa kitu kikishatumika, na hapa hakuna cha kutupa.

Pendekezo letu basi ni kuwa mapatano ya kupanga na kufunga maandishi ndani ya faili yaitwe muundo wa faili, na neno umbizo libaki kwa sura ya maandishi peke yake. Kwa zile herufi za mwisho wa jina, doc au docx, tumesikia zikiitwa kiambishi tamati. Hatuafiki. Katika Kiswahili kiambishi tamati hubadili neno: piga si pigana, wala pigana si pigisha. Herufi zile hazibadili chochote ndani. Ni kama kipande cha karatasi kilichobandikwa juu ya mzigo. Twapendekeza lebo ya faili.

Kwa wakusanyaji wa maneno tunaongeza jambo moja. Kila irabu ya Kinyamwezi sasa ina nambari yake katika mfumo wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, kwa hiyo hakuna tena sababu ya kutumia mstari badala ya herufi. Irabu iwe katika maandishi, isiwe katika umbizo. Na orodha ichapwe.

Orodha ya Itetemia imechapwa katika karatasi, nakala moja ikabaki huko huko. Maneno ambayo irabu zake zina shaka yamewekewa alama ya kuuliza. Msomaji yeyote aliyelelewa katika Kinyamwezi cha Unyanyembe, hasa aliyewahi kukaa karibu na tanuru la mfua chuma au kumsikia babu yake akisimulia habari zake, anaombwa atuandikie.